Matundu Manane ya Mkanda: Historia Fupi ya Kipimo cha Saa ya Mkono

Mwaka jana nilikwenda Lilongwe kutafuta saa kubwa. Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa ufadhili wa masomo, na mkononi sikuwa na kitu isipokuwa saa ya marehemu babu yangu, ndogo, ya kutia ufunguo, yenye uso uliogeuka rangi ya chai. Niliona aibu kuingia nayo mbele ya watu wa usaili. Nikapata kibali cha siku moja cha kutoka kambini Dzaleka, nikapanda basi dogo, nikashuka Area 2, sehemu ya zamani ya jiji, mahali ambapo maduka na meza za wachuuzi zimebanana.

Mchuuzi wa kwanza niliyemwonyesha saa ya babu aliigeuza mara mbili, akacheka. "Iyi ndi wotchi ya akazi," akasema kwa Kichewa. Hii ni saa ya wanawake. Akanivalisha nyingine, ya rangi ya dhahabu, yenye upana wa milimita 48. Akasema tubadilishane, nimwongeze kwacha elfu kumi na tano. Nilijitazama kwenye kioo chake kidogo. Ncha za saa zilipita mkono wangu pande zote mbili, na kifungo cha mkono wa shati kilikataa kufungika. Hata hivyo karibu nimpe hela. Kilichonizuia ni neno lake lile la "ya akazi". Saa ile nilimwona nayo baba yangu, na kabla yake alikuwa nayo babu, fundi mitambo wa kiwanda. Iliwezekanaje ikawa ya wanawake?

Insha hii imezaliwa na swali hilo. Ninataka kuonyesha kwamba kipimo cha saa "kinachofaa" mkono hakijawahi kuwa jambo la urembo peke yake. Kila kipimo kilichowahi kupita madukani kilitengenezwa kwa ajili ya mkono fulani uliokuwa ukifanya kazi fulani, na anayechagua saa leo anachagua pia, kwa kujua au kutojua, mkono wa nani auige. Ushahidi wangu ni wa aina mbili: historia ya saa kama inavyojulikana duniani, na mkanda wa ngozi wa saa hii moja. Mkanda huo nilidhani ninaweza kuusoma, kumbe niliusoma vibaya.

Nianze na vipimo vyenyewe, ili msomaji asipotee mbele. Niliporudi kambini niliipeleka saa kwa mzee mmoja fundi wa saa na redio, mwenye meza yake karibu na soko. Alitoa kalipa, akanifundisha kwamba saa haipimwi kwa jicho. Kwanza hupimwa upana wa kasha bila kuhesabu kitufe cha kutilia ufunguo: ya babu ina milimita 34. Pili, hupimwa urefu kutoka ncha za juu zinazoshika mkanda hadi ncha za chini. Ncha hizo yeye huziita masikio. Ya babu ina milimita 41. Tatu, unene. Nne, nafasi kati ya masikio, ambayo ndiyo upana wa mkanda: hii ni milimita 18. Kisha alinizungushia uzi kwenye kifundo cha mkono, juu kidogo ya mfupa, akaunyoosha kwenye rula: sentimita 16 na nusu. Mwisho alipima sehemu ya juu ya mkono iliyo bapa, mahali saa inapokaa: milimita 52.

"Kijana," akaniambia, "watu wote huuliza upana wa kasha, lakini kinachokuadhiri ni masikio. Masikio yakipita ubapa wa mkono wako, saa inaning'inia kama bati lililopita ukuta. Upepo ukija, linapiga kelele." Kwa mkono kama wangu, alisema, kasha la milimita 34 hadi 38 linakaa vizuri, mwenye mkono wa sentimita 18 anaweza kwenda hadi 40 au 42. Si sheria, ni mazoea ya mafundi, ila yanatokana na mwili. Ile ya milimita 48 ya Lilongwe sikuipima masikio, lakini shati langu lilikuwa limeshanipa jibu.

Sasa tuone mazoea hayo yametoka wapi. Kwa muda mrefu wanaume wa Ulaya waliokuwa na uwezo walibeba saa mfukoni, zikiwa na mnyororo. Saa ya mkononi ilikuwa pambo la wanawake. Miongoni mwa saa za mkono za kwanza zinazojulikana ni ile iliyoagizwa mwaka 1810 na Caroline Murat, malkia wa Naples na dada yake Napoleon, kwa fundi Abraham-Louis Breguet wa Paris. Mwaka 1868 Patek Philippe wa Geneva nao walitengeneza saa ya bangili kwa mwanamke wa tabaka la juu wa Hungaria. Mwanaume aliyeonekana na saa mkononi katika karne ya 19 angeweza kuchekwa kwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi Area 2. Kwa hiyo mchuuzi wangu, bila kujua, alikuwa anarudia mzaha wenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Tofauti ni kwamba wakati ule kilichochekwa kilikuwa saa ya mkono yenyewe, si udogo wake.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Askari aliyeshika bunduki kwa mikono miwili, au hatamu za farasi, hana mkono wa tatu wa kuchomoa saa mfukoni. Katika Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 baadhi ya maofisa wa Kiingereza walianza kufunga saa zao ndogo kwenye mikanda ya ngozi mkononi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jambo hilo likawa la lazima: mizinga na askari wa miguu walipaswa kuanza kwa dakika moja, na saa za maofisa zililinganishwa kabla ya shambulio. Mafundi walichukua mitambo midogo iliyokuwa ikitumika kwenye saa za wanawake, wakaipa kasha imara, wakaunganisha masikio ya waya. Ndiyo kusema kwamba saa ya kwanza ya "mwanaume shujaa" ilikuwa na moyo wa saa ya mwanamke.

Vita hivyo vilifika hadi hapa tunapokaa. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Karonga, kaskazini ya Malawi ya leo, ambayo wakati huo iliitwa Nyasaland. Watu zaidi ya laki moja wa nchi hii walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na wakaitwa tenga-tenga. Kuchukuliwa kwa Waafrika katika vita visivyo vyao ni jambo mojawapo ambalo John Chilembwe alilipinga kabla ya kuinuka dhidi ya wakoloni Januari 1915. Ofisa alikuwa na saa mkononi, na mbebaji alikuwa na mzigo kichwani na saa ya mtu mwingine ikimwambia lini ainuke. Vita vilipokwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, huku vilikuwa bado: jeshi la Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini rasmi huko Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba. Kwa wiki mbili hizo, saa za Ulaya na za kwetu zilikuwa zinasoma nyakati mbili tofauti za historia.

Baada ya vita wanaume waliendelea kuvaa saa mkononi, na kipimo kilichotawala kikawa kidogo. Fundi aliyeweza kupunguza mtambo ndiye aliyehesabiwa hodari, na saa nyembamba ndogo iliuzwa ghali kuliko kubwa. Katika miaka ya 1940 na 1950 saa ya kawaida ya mwanaume ilikuwa na milimita kati ya 31 na 36. Rolex walipotoa Datejust mwaka 1945 walitumia milimita 36, na kwa wakati ule hiyo haikuwa ndogo. Hata saa za jeshi la Uingereza zilizotengenezwa na viwanda 12 vya Uswisi mwishoni mwa Vita vya Pili zilikuwa na milimita 35 hadi 38 tu. Mchuuzi wangu angewaambia maveterani hao kwamba wamevaa saa za wake zao.

Je, saa kubwa zilikuwepo? Zilikuwepo, lakini zilikuwa vifaa vya kazi. Warubani wa Kijerumani wa Vita vya Pili walipewa saa za milimita 55, zenye mkanda mrefu wa kufungwa juu ya koti nene la ngozi. Wapiga mbizi wa jeshi la majini la Italia walivaa saa za Panerai za milimita 47, kwa sababu chini ya maji usiku mtu anahitaji tarakimu kubwa zinazong'aa. Saa hizo hazikukusudiwa kukaa chini ya mkono wa shati. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, saa za aina hiyo zikageuka mtindo: mtu asiyewahi kurusha ndege wala kupiga mbizi akavaa milimita 44, 47, hata 50, na udogo ukaanza kuitwa uke. Mtindo huo ndio uliofika kwenye meza za Area 2, ukiwa umepakwa rangi ya dhahabu.

Katikati ya historia hiyo kuna mageuzi mengine ambayo hayapaswi kusahauliwa. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilitoa Tokyo saa ya kwanza ya mkono inayoendeshwa kwa betri na mtetemo wa fuwele ya kwatzi. Ilikuwa ghali mno, lakini katika miaka iliyofuata teknolojia hiyo ilishusha bei ya saa hadi kwa mtu wa kawaida. Casio F-91W, ile ya plastiki nyeusi iliyotoka mwaka 1989, ina upana wa milimita 35.2 na uzito wa gramu 21. Ukizunguka Dzaleka utaiona, au utaona ndugu zake wa bandia, kwenye mikono ya walimu, waendesha baiskeli za abiria na wanafunzi wa kike na wa kiume. Hakuna anayeuliza ni ya nani. Nadhani kwa sababu ni ya bei ndogo, watu wameisamehe kipimo chake.

Turudi sasa kwa babu. Aliinunua saa hii Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa kabla ya uhuru, mwaka 1959, alipokuwa kijana anayefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kijana wa kiwandani atoe fedha yake kwa saa wakati king'ora cha kiwanda kilimwambia lini aingie na lini atoke. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson, katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu muda na nidhamu ya kazi, anaonyesha kwamba katika viwanda vya Uingereza ya zamani kulikuwa na mabwana waliochezea mishale ya saa ili wafanyakazi wazidishe muda, na mfanyakazi kuwa na saa yake ilikuwa kosa. Sina ushahidi kwamba jambo kama hilo lilitokea kwa babu, na sitaki kumwekea maneno mdomoni. Ninachoweza kusema ni alichokuwa akisema mwenyewe, kwa kauli ya mama: alipenda kujua king'ora kimechelewa au kimewahi. Kwa kazi ya mitambo, saa ya milimita 34 ilikuwa na faida ya wazi: haikunaswa na kitu.

Mwaka 1996 vita viliingia Uvira. Babu alikuwa ameshafariki, na saa ilikuwa kwa baba. Alivuka nayo Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, akaishi kambi ya Nyarugusu, akamwoa mama huko, nami nikazaliwa huko. Mwaka 2004 tulikuja Malawi kupitia Songwe na Karonga. Mama anakumbuka kwamba baba alipofika Tanzania alisogeza mshale saa moja mbele, na alipoingia Malawi akaurudisha nyuma, akasema, "Tumerudi kwenye saa ya nyumbani." Ni kweli: Malawi na mashariki ya Kongo ziko katika majira ya saa mamoja. Mshale ulirudi, sisi hatukurudi.

Dzaleka nako kuna historia yake ya muda. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa enzi ya Kamuzu Banda, na jina lenyewe kwa Kichewa lina maana ya mtu anayeahidi kwamba hatarudia tena. Kambi ilipangwa kwa watu elfu kumi hivi, na leo ina zaidi ya elfu hamsini: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengine, wengi wakielewana kwa Kiswahili. Ukisema "saa mbili" kambini lazima ueleze ni ya Kiswahili au ya Kichewa ya "koloko", la sivyo mwenzako atakuja saa sita baadaye. Na tangu mwaka 2023, serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, muda umekuwa kitu cha kuandikwa kwenye karatasi: tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi.

Nafika sasa kwenye mkanda. Babu alishonewa mkanda huu na fundi viatu wa Uvira mwishoni mwa miaka ya 1980, wa ngozi nene ya ng'ombe, na tangu hapo umeshonwa upya mara mbili kwa uzi wa nailoni. Una matundu manane. Nikiyahesabu kuanzia nchani, sita ya kwanza ni ya duara safi, yameachana milimita 5 kila moja. Mawili ya mwisho, yaliyo karibu zaidi na kasha, yamechomwa kwa msumari wa moto: kingo zake ni nyeusi, na umbali wake haulingani na mengine. Tundu la pili limevutika hadi limekuwa kama yai. La nne limevutika pia, na yale mawili ya msumari kidogo.

Kwa elimu yangu ya mwaka wa pili wa historia, niliandika hivi kwenye daftari: "Matundu sita ni ya fundi wa Uvira. La pili ni mkono wa babu. La nne ni mkono wa baba. La saba na la nane ni ya mama, kwa sababu mkono wa mwanamke ni mdogo. Mkanda unasomeka kutoka nchani kwenda kwenye kasha, kama kitabu." Niliridhika. Niliona nimepata chanzo cha historia kisichohitaji mkalimani.

Fundi wa kambini ndiye aliyeanza kunivuruga. Alipouona mkanda aliweka kidole kwenye tundu la sita, akasema, "Hili nililipiga mimi." Nikabisha kwamba ni la Uvira, kwa kuwa liko sawa na mengine. Akatoa kipande cha bomba la chuma anachotobolea, akakiweka juu ya tundu: kikaingia barabara. Kwenye matundu matano ya kwanza kikawa kikubwa kidogo. Alikuwa amefuata umbali wa fundi wa kwanza kwa makusudi, ili mkanda usionekane umetobolewa mara mbili. Nikamuuliza alimpigia nani. "Mamako. Miaka saba au minane imepita."

Nikarudi nyumbani na uzi. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilimwomba mkono, akaucheka uzi wangu, akaniachia. Sentimita 16. Nikafunga mkanda kwenye kila tundu na kupima mzunguko wake: la sita linatoa sentimita 16.4, ambayo inamtosha mama na kubakiza nafasi ya kupumua. La saba linatoa 15.8. La nane, 15.1. Saa ya kufungwa kwenye tundu la nane isingeingia kwenye mkono wa mama hata kwa nguvu.

"Mama," nikasema, "matundu haya mawili ni ya nani?"

Alinyamaza, akaendelea na maharage yake kidogo. Kisha akasema, "Yote ni ya baba yako. Hili alilitoboa Nyarugusu mwaka wa kwanza, kabla hajanioa, alinionyesha mwenyewe. Hili la mwisho nililitoboa mimi, hapa Dzaleka, mwaka ule aliougua. Saa ilikuwa inamwanguka. Alitaka aione akilala."

Baba alifariki mwaka 2015. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na ninachokumbuka ni saa iliyokuwa kubwa mkononi mwake. Nilidhani ninakumbuka vibaya, kwa sababu sasa najua ni saa ndogo. Sikukumbuka vibaya. Ilikuwa kubwa.

Baada ya msiba mama aliiweka saa miaka miwili, kisha akampelekea fundi amtobolee tundu la kwake, akaivaa akienda sokoni kuuza samaki wakavu, mpaka mtambo uliposimama. Hakuvaa kwenye matundu ya mume wake. Nilimuuliza kwa nini hakutumia la tano lililokuwepo. "Lilikuwa linalegea," akajibu, "na la saba si langu."

Kwa hiyo daftari langu lilikuwa na makosa matatu, na ninayaandika hapa kwa sababu nadhani ni makosa ya wengi katika somo letu. La kwanza: nilifikiri mpangilio wa nafasi ni mpangilio wa wakati. Kumbe tundu la saba ni la zamani kuliko la nane, na la nane ni la zamani kuliko la sita. La pili: nilifikiri kazi safi ni ya zamani na kazi mbaya ni ya baadaye, nikasahau kwamba fundi mzuri anaweza kuficha mkono wake. La tatu ndilo kubwa. Nilifikiri tundu dogo lazima liwe la mwanamke. Hilo ndilo kosa lilelile la mchuuzi wa Lilongwe, nililolichukia, nami nikalirudia mezani kwangu nikiwa na kalamu. Udogo ulikuwa haunionyeshi jinsia ya mtu. Ulikuwa unanionyesha mwaka wa kwanza wa ukimbizi, na ugonjwa.

Nikijumlisha, anayechagua saa ana mambo mawili ya kujua. La kwanza ni la rula, na halina siri: pima mzunguko wa kifundo, pima ubapa wa juu, hakikisha masikio hayapiti ubapa huo, acha nafasi ya kidole kidogo kati ya mkanda na ngozi, na kumbuka kwamba mkono huvimba mchana wa joto na kusinyaa asubuhi ya baridi, hivyo usichague mkanda usio na tundu la akiba pande zote mbili. La pili ni la historia: anayekuambia saa ya milimita 34 ni ya wanawake anakusomea mtindo wa miaka thelathini hivi, na kabla ya hapo kuna miaka mingi iliyosema vingine. Hata kampuni ya Apple ilipoanza kuuza saa yake mwaka 2015 ilitoa vipimo viwili, milimita 38 na 42, na kumwachia mnunuzi achague kwa mkono wake. Mkono unabadilika katika maisha ya mtu mmoja. Kipimo cha leo si ahadi ya kesho.

Fundi aliisafisha saa ya babu, akabadilisha springi, ikaanza kutembea. Inachelewa dakika mbili kwa siku, nami huirekebisha kila asubuhi. Mkanda wa zamani nimeutoa, nimeufunga kwenye karatasi pamoja na cheti cha kifo cha baba na kadi zetu za usajili, nikanunua mwingine mpya wa milimita 18. Ila kabla ya kuutoa niliuvaa mara moja, nikajaribu matundu yote moja baada ya jingine, mama akiangalia. La nne lililegea. La sita lilibana. La tano, lenye sentimita 16.9, lilikaa sawasawa. Nilipolikagua kwa kioo cha fundi niliona bado ni duara kamili, kama siku lilipotobolewa Uvira. Babu hakulifikia, baba alilipita, mama lilimlegea.

Kwenye usaili nilikwenda na saa hiyo. Mmoja wa waliokaa mezani aliitazama, akaniuliza kama inafanya kazi. Nikamwambia inafanya, nikamtajia saa.